Roccafosca, Baada ya Idi

Nimekwenda Italia mara moja tu maishani mwangu, sikuipenda, na kosa si la Italia. Jamaa zangu wa Muskati wananiuliza habari za safari. Wanataka kusikia Roma, maduka, na kama nilipata chakula cha halali. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Naandika hapa hatua kwa hatua, kila mtu asome kwa nafasi yake, asinipigie simu.

Sababu ya safari ni kaka yangu Khalfan. Serikali ilimpeleka Italia kusomea uhandisi wa barabara, enzi zile vijana wengi waliotoka Unguja na kurudi Oman walipokuwa wakipelekwa nje. Wenzake walirudi na vyeti. Yeye alibaki, akaoa mwanamke wa huko, akaenda kuishi naye katika kijiji cha milimani kinachoitwa Roccafosca. Baba alikasirika asitake hata kulisikia jina lake. Watoto hawakupata. Mkewe alitangulia kufariki, na miaka kumi na nne iliyopita, wakati wa baridi kali, Khalfan naye akafariki huko huko. Sisi tulipata habari kwa simu, tukamsomea hitima hapa Sib, tukakubaliana kwamba tutakwenda kulizuru kaburi lake baada ya Idi.

Nataka msomaji ayashike maneno hayo, baada ya Idi. Nilifanya kazi miaka thelathini katika wizara moja pale Al Khuwair, kwenye kaunta ya vibali. Mtu akija na karatasi zake Ramadhani, nilimwambia arudi baada ya Idi. Akija karibu na Idi Kubwa, jibu lilikuwa lile lile. Haikuwa roho mbaya, ndivyo tulivyofanya kazi sote, na aliyeambiwa hivyo naye alikuwa na ofisi yake ambako aliwaambia wengine. Nyumbani pia ni hivyo. Posa, suluhu, kumtazama mgonjwa, kupaka rangi nyumba, yote tunayaweka baada ya Idi, na Idi moja ikipita kuna nyingine inakuja.

Mwanzoni mwa mwaka huu shemeji yangu alikwenda Ruwi kufungua sanduku la posta la marehemu Baba, ambalo hulifungua akikumbuka. Akakuta barua yenye mhuri wa Kiitaliano. Tuliipeleka kwa mfasiri mmoja wa Kimisri mwenye duka karibu na kituo cha mabasi, akatusomea huku anakula karanga. Ilisema kwamba kwa sheria ya Roccafosca kaburi la ardhini hukaa miaka kumi. Ikitimia, kaburi hufunguliwa, mifupa ikakusanywa, na jamaa wakaichukua kuiweka wanapotaka. Wasipotokea, inatiwa katika shimo la pamoja. Zamu ya Khalfan Fulani, raia wa Oman, ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa maombi ya jirani yake. Mara ya tatu haiwezekani. Jamaa waombwa kufika kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

Mama yangu, Bi Zuwena, ana miaka themanini na minane. Macho yamemwishia nguvu lakini masikio bado. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mlete mwanangu alazwe karibu na babake. Walinuniana wakiwa hai, inatosha."

Nilimuuliza shekhe. Akaniambia kaburi la Muislamu halichezewi, lakini ikiwa wenyewe watalifukua hata mkikataa, nendeni mkamchukue ndugu yenu mkamzike kwa wenziwe. Basi ruhusa ilipatikana, visa haikuwa taabu, na fedha za tikiti nilikuwa nazo. Kilichobaki ni kuondoka tu. Mwezi wa tatu ulikuwa Ramadhani.

"Mama, ile si nchi ya kwenda na saumu," nilimwambia. "Ntakwenda baada ya Idi."

"Raya, wale wamesema mwezi wa tatu."

"Mama, mie nimefanya kazi serikalini. Serikali zote ni moja. Wakisema mwezi wa tatu, ujue wa tisa."

Niliwaandikia wale wa Roccafosca barua pepe ya mstari mmoja kwamba tunakuja baada ya Idi. Walijibu, sikufungua. Idi ikaja, ikaja harusi ya binti wa mdogo wangu Thuraya, ikaja Idi Kubwa, kisha goti langu likaniuma. Niliondoka katikati ya mwezi wa nane.

Kutoka nyumbani kwetu Sib hadi uwanja wa ndege si mbali, unasikia ndege ukiwa jikoni. Asubuhi ya kuondoka Mama alinipa mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na sanda aliyoikata mwenyewe kwa kupapasa, kafuri kidogo, na udi. Juu yake aliweka bakuli la halwa lililofungwa vizuri. "Hii halwa ni ya huyo jirani," alisema. "Aliyemwombea mwanangu asifukuliwe. Mwambie mamake anamsalimu." Sanda niliitia kwenye mkoba wa mkononi, sikutaka ikapotee na masanduku.

Roma nilikaa usiku mmoja. Wanaotaka sifa za Roma wamuulize mtu mwingine. Nilichoona ni joto ambalo halikunishangaza, na watu waliokuwa wakilishangaa mno.

Asubuhi ya pili nilipanda treni, mwendo wa saa tatu hivi, mpaka stesheni ndogo bondeni ambako tulishuka watu wawili, na mwenzangu alikuwa na mbwa. Hapo alikuwa ananingoja Driss, Mmoroko wa miaka hamsini na kitu, fundi wa mapaa, Muislamu pekee aliyebaki Roccafosca. Ndiye aliyetupigia simu siku ya kifo, na namba yake nilikuwa nimeihifadhi miaka yote hiyo bila kuitumia. Nilipompigia kumwambia nakuja, aliuliza treni ya saa ngapi tu. Tulizungumza Kiarabu, yeye chake cha Moroko na mimi changu cha Oman, tukaelewana kwa taabu na kwa kurudiarudia.

Njia ya kupanda mlima ina kona nyingi, nami niliacha kuzihesabu nilipoanza kuhisi kichefuchefu. Pande zote ni misitu ya miti mikubwa inayozaa kokwa zenye miba kwa nje. Driss aliniambia zamani watu wa huku walikuwa wakisaga kokwa hizo unga, wakila mwaka mzima kama sisi tulivyokula muhogo. Kila penye kona palikuwa na nyumba ya mawe, na kila nyumba ilikuwa imefungwa.

"Wenyewe wako wapi?" niliuliza.

"Ubelgiji, Ajentina, Kanada. Wengine makaburini."

"Hawarudi?"

"Wanarudi sikukuu. Kesho utawaona. Ndiyo maana nilitaka kukwambia, Bi Raya, ofisi ya kijiji leo imefungwa. Kesho ni sikukuu ya mtakatifu wao, na leo wanajitayarisha. Watafungua baada ya sikukuu."

Nikamwambia kwamba mimi nimetoka Muskati, nimevuka bahari na jangwa, na haiwezekani mtu aniambie baada ya sikukuu. Driss aliendelea kuendesha. Nilitazama nje dirishani nikiwakumbuka watu wa kaunta yangu, hasa bwana mmoja wa Nizwa aliyekuja mara nne kwa kibali cha kisima. Hata yeye hakunipigia kelele kama nilivyompigia Driss.

Saa nane mchana tulifika. Langoni mwa kijiji pana ubao wa kuwaeleza wageni mambo ya kuona, nao una ramani na namba. Nitaeleza kama nilivyoelezwa, maana mambo ya kuona yapo, nisije nikawadhulumu. Roccafosca imejengwa juu ya jabali, nyumba zimebebana, vichochoro vyake ni vya ngazi, na mtu mwenye goti kama langu ajiandae. Kuna chemchemi yenye kichwa cha simba kilicholika pua. Kuna tanuri la mikate la kijiji kizima, ambalo zamani kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kuoka, na mikate ilitiwa alama ili mtu asichukue ya mwenziwe. Kuna kanisa lenye dari la bluu. Juu kabisa kuna mnara, na mnara huu ndio asili ya kijiji.

Driss alinisomea ubaoni. Mababu wa watu hawa walikuwa wakikaa pwani, karibu na bandari na mashamba mazuri. Wakawa wanavamiwa kutoka baharini na Waarabu, wanachukuliwa watu na mali. Mwisho wakachoka, wakapanda mlimani na watoto wao na punda, wakajenga mnara ili aliye juu awaone Waarabu wakija kabla hawajafika.

"Basi mmeniona?" nilimuuliza Driss.

"Mnara siku hizi hauna mtu," alisema. "Anayepanda ni mtalii."

Sikucheka wakati ule. Lakini historia hiyo niliielewa upesi kuliko alivyodhani. Mimi nilitolewa Unguja nikiwa mdogo sana, nimebebwa mgongoni, usiku nisioukumbuka, na nimekulia katika nyumba ambamo kila kitu kizuri kilikuwa kimebaki pwani ya pili. Watu walioondoka na kuacha, nawafahamu wakiwa wa dini yoyote.

Kutoka kijijini kwenda mnarani kuna njia nzuri ya mawe, yenye ukuta wa kuzuia udongo usiporomoke. Ubaoni ina namba sita. Imeandikwa Njia ya Mwarabu. Nikadhani ni mambo yale yale ya wavamizi.

"Hapana," alisema Driss. "Hiyo aliijenga Khalfan. Ya zamani ilikuwa imeporomoka, serikali ikasema haina fundi. Alikaa nayo misimu mitatu, jiwe kwa jiwe. Jina lake liliwashinda kutamka."

Niliuwekea ukuta ule mkono. Mawe yalikuwa yamepangwa kwa usafi, hakuna lililochomoza. Nyumbani Baba alikuwa akisema Khalfan ameharibikiwa.

Jioni ya siku hiyo nilifikia kwa jirani, Bruna, mjane wa karibu miaka themanini, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kondoo. Alinikumbatia mlangoni kabla sijasema mimi nani. Nilimpa halwa na salamu za Mama, Driss akatafsiri. Aliionja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho, akasema kwamba Khalfan alimweleza juu ya kitu hiki miaka na miaka lakini hakujua kuwa kinashika meno hivi. Kisha akapika maharage kwa mafuta ya zeituni, akaniapia kwamba sufuria ni mpya na haijaingia nyama yao.

Tulipokwisha kula alinitazama sana. Akamwambia Driss neno, Driss akasita. Nikamwambia aseme.

"Anauliza, kwenu kuna sikukuu ngapi kwa mwaka."

"Mbili. Kwa nini?"

Bruna alizungumza muda mrefu. Driss alinitafsiria huku ameangalia meza. "Anasema Khalfan kila akiulizwa lini atakwenda kwao, alikuwa akijibu, baada ya sikukuu. Yeye alidhani ni kama ya kwao, moja. Kila mwaka akamngojea aage. Anasema, kama ni mbili, basi alizikosa nyingi sana."

Akainuka, akatoa kwenye droo ya kabati kalenda ya ukutani, ile ambayo kanisa huwagawia watu mwisho wa mwaka. Ilikuwa ya mwaka wa mwisho wa Khalfan. Alisema alikuwa nazo nyingine, kila mwaka Khalfan alikuja kuandika katika kalenda ya jikoni kwake kwa sababu kwake yeye hakuwa na ukuta usio na unyevu, lakini amebakiwa na hii tu. Katikati ya majina ya watakatifu, kwa kalamu ya wino wa bluu, niliuona mwandiko wa kaka yangu, ule ule wa daftari za skuli. Siku moja ilikuwa imeandikwa "Idi". Siku iliyofuata ilikuwa imeandikwa "Nyumbani", na alama ya kuuliza. Miezi miwili mbele, tena. "Idi Kubwa." "Nyumbani?"

Hapa yanibidi niseme jambo ambalo watu wa nyumbani hawakuwa wakilijua. Mwaka ambao Baba aliugua figo, Khalfan alinipigia simu ofisini Al Khuwair. Alisema, "Raya, nnataka kuja kumwona Baba. Nani atanifungulia mlango, wewe au Mama?" Nikamwambia, "Ngoja kwanza, bado ana hasira. Njoo baada ya Idi, mie ntamlainisha." Sikumlainisha. Sikuwahi kulifungua jambo hilo mbele ya Baba hata mara moja, kwa kuwa kila siku niliona si siku yake. Baba akafariki kabla ya Idi. Khalfan alipopiga tena kuuliza aje, nikamwambia nyumba imejaa watu na mashangazi wana maneno, aje baada ya Idi Kubwa. Baada ya hapo aliacha kuuliza, na mimi nikafurahi kwamba ameacha.

Siku ya sikukuu sikutoka. Nilisikia tarumbeta na baruti, nikawaona dirishani watu wa Ubelgiji na Ajentina wakimbusu kila mtu. Jioni vichochoro vilijaa meza. Bruna aliniletea tini. Nilikuwa nimeishika ile kalenda, na sikuwa na hamu ya tini.

Asubuhi ya siku ya tatu ofisi ilifunguliwa saa mbili na nusu kamili. Nilikuwa mlangoni tangu saa mbili, nimevaa buibui yangu safi, mkoba wenye sanda kwapani. Karani ni mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Driss alipomwambia mimi nani, hakunikaribisha kiti kwanza. Alikwenda kabatini, akaja na faili.

Nalijua faili nikiliona. Lile lilikuwa zuri kuliko lolote lililopita kwenye kaunta yangu. Karatasi zimepangwa kwa tarehe: cheti cha kifo, maombi ya Bruna ya kwanza, maombi ya Bruna ya pili, nakala ya barua tuliyopelekewa. Kisha karatasi yenye mstari mmoja, barua yangu pepe, imechapwa na kupigwa mhuri. *Tunakuja baada ya Idi.* Nyuma yake, majibu yao: tafadhali tujulisheni Idi ni tarehe gani. Halafu ukumbusho. Halafu ukumbusho wa pili.

"Hukujibu," alisema karani kwa mdomo wa Driss, "basi tukatafuta wenyewe. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu. Mkuu wa kijiji akaamuru tungoje wiki tatu zaidi, kwa sababu mmetoka mbali, na mmesema baada ya Idi. Tulingoja wiki tatu. Kazi ilifanyika asubuhi ya siku ya ishirini na mbili."

Niliuliza kazi gani, ingawa nilikwisha fahamu.

"Alikusanywa. Yuko pamoja na wengine."

Siku ile aliyoitaja ilikuwa siku ya hina ya binti wa Thuraya. Nilikuwa nimekaa nimenyoosha mikono yote miwili ikauke, nikiwaambia watu wasinichekeshe.

Nilimfokea yule mwanamke. Nilimwambia kwamba hawana huruma, kwamba kwetu maiti haguswi, kwamba ni watu gani hawa wanaowafukua wafu kama viazi. Nilisema mengi na Driss alitafsiri machache. Karani alivua miwani.

"Mama, mimi kwa miaka kumi na nne nimeona taa ikiwashwa juu ya kaburi lile na jirani yake," alisema. "Sisi hapa tuliulizana kama huyu mtu alikuwa na ndugu. Tulipopata barua yako tulifurahi. Tuliamini mtakuja."

Hakupandisha sauti. Katika maisha yangu yote ya kazi sijapata kumwambia mtu baada ya Idi na mtu huyo akadhani nazungumzia siku inayofuata Idi. Nilikwenda Italia kukuta waliodhani hivyo, na kumbe kaka yangu alikuwa wa kwanza wao.

Mchana wa siku hiyo tulikwenda makaburini, mimi, Bruna na Driss. Ni uwanja wenye ukuta mrefu nje ya kijiji. Wao huweka picha za wafu, maua na vitaa vidogo, na ndugu huja kufagia. Kwetu Sib kaburi ni mawe mawili na udongo, jina haliandikwi, na anayekwenda mara kwa mara huulizwa ana nini. Naipenda desturi yetu. Lakini mgeni akiitazama kwa mbali hawezi kujua tofauti kati ya wasioandika jina kwa unyenyekevu na waliosahau, nami siku ile sikuwa na hoja ya kumpa.

Pale alipokuwa Khalfan kuna mzee mwingine sasa, aliyekufa mwezi wa sita. Udongo wake ulikuwa bado haujakaa. Pembeni ya ukuta kuna bamba la jiwe chini, lenye pete ya chuma. Driss alinionyesha kwa kidole.

"Ulikuwepo?" nilimuuliza.

"Nilikuwepo. Nilisoma Yasini. Kwenye simu nilishindwa kukwambia."

"Na siku aliyokufa?"

"Nilimuosha mwenyewe. Mwenye duka la dawa alinimiminia maji. Nilimlaza kwa ubavu wa kulia, kibla niliitafuta kwa jua. Kisha nikamsalia."

"Watu wangapi?"

"Mimi, Bi Raya. Bruna na wengine walisimama pale mlangoni, wamevua kofia."

Niliuliza kama bamba lile linaweza kuinuliwa. Linaweza. Chini yake, alisema, kuna mifupa ya wachungaji, wachoma makaa, mapadri, na watoto waliokufa kwa homa zamani, imechanganyika yote, na hakuna aliye hai anayeweza kuonyesha ya Khalfan. Nililia. Bruna alinishika kiuno kwa kuwa begani hafiki. Mkoba wenye sanda ulikuwa bado kwapani mwangu na nilihisi harufu ya kafuri.

Nilimpa Driss ile sanda. Sikujua nifanye nini nayo, na kuirudisha kwa Mama nisingeweza. Aliipokea kwa mikono miwili, akaishika muda.

"Allah akujaze kheri," alisema. "Hii naiweka. Lakini atakayeniosha mimi ni nani?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilitaka kumwambia asijali, tutakuja kumtazama. Niliona aibu, nikaufunga mdomo.

Siku ya nne niliteremka mlima. Bruna alinipa kalenda, nami sikuikataa. Ndegeni nilikaa karibu na bwana wa Sohar aliyetoka kutembea Milano na familia yake, akaniuliza Italia nimeionaje. Nikamwambia vijiji vyao vina faili nzuri. Akadhani ni mzaha.

Alfajiri nilifika Sib. Mama alikuwa amekwisha kusali, amekaa juu ya msala wake sebuleni, na Thuraya alikuwa karibu naye kwa kuwa alilala hapo akiningoja. Mama alisikia magurudumu ya sanduku. Hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Umekuja naye?"

Njiani nilikuwa nimetunga maneno. Nilikuwa na hadithi kamili, kwamba Waitaliano hawaruhusu, kwamba amelazwa mahali pazuri, kivulini. Thuraya, niliyekwisha kumwambia kwa simu, alikuwa akinikonyeza nifanye hivyo. Nilikaa chini sakafuni, nikamwambia Mama kweli yote. Nikaanza na siku ya hina, nikarudi nyuma mpaka kwenye simu ya ofisini, na Baba, na kulainisha ambako sikukufanya. Nilimwekea kalenda mkononi, nikakipeleka kidole chake mahali penye wino, ingawa wino haupapasiki.

"Kaandika nini hapa?"

"Kaandika Idi, Mama."

"Na hapa?"

"Nyumbani."

Alikaa na kidole chake pale pale. Sikumwona akilia. Aliniuliza jambo moja tu, kama huyo Mmoroko alimsalia sawasawa, nikamwambia ndiyo, akasema alhamdulillahi. Mimi hakunitazama wala hakunigusa, na mpaka leo ninapoandika bado hajaniambia kuwa amenisamehe. Sijathubutu kumuuliza.

Thuraya, ambaye hawezi kuvumilia kimya, alimshika mkono. "Mama, tutamsomea hitima nyingine, kubwa, tuwaite watu wote, na wa Ruwi na wa Barka. Tena tusiharakishe, tuitengeneze vizuri. Tungoje tu Maulidi yapite..."

"Leo," alisema Mama.

"Lakini Mama, watu hawajui, hakuna kilichonunu..."

"Leo. Baada ya alasiri. Atakayekuja, aje."

Nikainuka na viatu vyangu miguuni, nikaenda jikoni kuosha mchele.